Walitutanguliza mbele: namna ya kuandika habari ya raia aliyefanywa ngao vitani ili sheria iweze kuitumia

Kuna siku nilikaa na mama mmoja wa upande wa Fizi, Kivu Kusini, tumekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake kambini huku Kigoma, mi na daftari langu na yeye anachambua maharage, akaanza kunisimulia jinsi wenye silaha walivyoingia kijijini kwao alfajiri wakawatoa watu majumbani. Nikamuuliza, mama, mlitembeaje sasa? Hakunijibu kwa mdomo. Alichota maharage akayapanga mstari kwenye mkeka, akasema hawa ni sisi. Akaokota vijiwe vinne akaviweka nyuma ya maharage, hawa ni wao. Alafu mbele kabisa akaweka kiberiti, huku ndo walikuwa wale wanaopigana nao. Akaanza kusogeza, maharage kwanza, vijiwe vinafuata, taratibu kuelekea kiberiti.

Mi kwenye daftari nilikuwa nimeshaandika "walisindikizwa na wapiganaji hadi kijiji cha jirani". Nikaikata pale pale. Ukisoma ile sentensi yangu unaona watu wamepewa ulinzi njiani, ukitazama maharage unaona watu wamewekwa kati ya bunduki na bunduki. Neno alilotumia mwenyewe ni "walitutanguliza", na hilo neno lina kesi nzima ndani yake, ningelipoteza kwa uzembe wa kalamu tu.

Kwa hiyo naandika haya kwa wasaidizi wa kisheria, vijana wa asasi, wachungaji na mashekhe ambao watu huwafuata kwanza, viongozi wa mitaa kambini, na ndugu mlioko Uganda, Burundi, Kenya, Ulaya au Marekani mnaopigiwa simu usiku na jamaa walioko Kivu au Ituri. Hii ni kazi ya kufanya mtu akishafika pa salama. Usimtume mtu arudi kwenye mapigano kutafuta ushahidi, na wewe mwenyewe usiende.

Kwanza ujue sheria inasema nini, maana ndo itakuonyesha cha kuuliza

Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 28, unakataza kutumia uwepo wa watu wanaolindwa ili sehemu fulani isishambuliwe. Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977 ikaja kulifungua zaidi kwenye kifungu cha 51 aya ya 7, kwamba ni marufuku kutumia raia waliopo mahali au raia wanaotembea kukinga malengo ya kijeshi, au kukinga jeshi linaposonga mbele, linapojilinda au linaporudi nyuma. Zingatia hapo, waliopo mahali au wanaotembea. Wale maharage kwenye mkeka wanatembea, lakini hata mtu aliyefungiwa ndani ya kanisa lenye mzinga uani ni yale yale.

Sasa kuna watu watakwambia hiyo mikataba ni ya vita kati ya nchi na nchi, kwetu ni waasi na serikali, haituhusu. Ni kweli kwamba Itifaki ya Pili, ile ya vita vya ndani ya nchi, haikuandika neno ngao. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilikusanya sheria za kimila za vita, ikazitoa mwaka 2005, kanuni 161, na kanuni ya 97 inasema kutumia ngao za binadamu ni marufuku, kwenye vita vya kimataifa na vita vya ndani pia. Waasi wamo, jeshi la serikali limo, wanamgambo wa kijiji wamo. Hakuna anayeruhusiwa kwa sababu eti anatetea ardhi yake.

Pengo lipo sehemu moja na inabidi ulijue usije ukamdanganya mtu. Mkataba wa Roma ulioanzisha ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, umeliandika kosa la ngao kwa jina lake kwenye orodha ya vita vya kimataifa tu, kifungu cha 8. Kwenye orodha ya vita vya ndani halipo. Haina maana kwamba mtu anaachiwa, kwasababu kitendo kile kile kinaweza kushtakiwa kama ukatili, kama kuteka watu mateka, kama kudhalilisha utu, na hayo yote yapo kwenye vita vya ndani. Na kwa mashariki ya Kongo, ambako ripoti za Umoja wa Mataifa zimekuwa zikitaja askari wa nchi jirani, hata kujua kama vita fulani ni ya ndani au ya kimataifa ni mjadala wa mawakili. We andika ulichoambiwa, sare ilikuwaje, waliongea lugha gani, waliitanaje, gari lilikuwa na alama gani. Jina la kosa watalitafuta wao, ila wasipokuta sare na lugha kwenye karatasi yako hawana pa kuanzia.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sio lazima mtu afe

Nimeona watu wengi wanaacha kuandika habari kwasababu "hamna aliyekufa, walituachia jioni". Jamani, iandikeni. Majaji wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu uhalifu wa vita vya Yugoslavia ya zamani walipokuwa wanasikiliza rufaa ya Tihomir Blaškić, ofisa wa jeshi la Wakroati wa Bosnia, hukumu ya Julai 2004, walisema wazi kwamba kuwatumia watu walioshikiliwa kama ngao ni ukiukaji hata kama hawakushambuliwa wala kuumizwa. Pale ilikuwa ni raia Waislamu waliokalishwa mbele ya hoteli moja mjini Vitez, Aprili 1993, hoteli ambayo ndo ilikuwa makao ya jeshi lake, wakakaa pale masaa kadhaa huku wakisubiri kombora muda wowote. Hebu fikiria umekaa chini na mwanao mapajani unasikiliza angani. Ile hofu yenyewe ni sehemu ya dhara.

ICC nao wana karatasi inayoeleza vipengele vya kila kosa, na kwenye hili vipengele vyenyewe vinavyobeba uzito ni viwili. Cha kwanza, mtuhumiwa aliwahamisha raia au alijinufaisha kwa namna yoyote na mahali walipokuwepo. Cha pili, alikusudia kukinga lengo la kijeshi lisishambuliwe, au kukinga, kusaidia au kuzuia operesheni za kijeshi. Hivyo tu, ukiongeza na kwamba kulikuwa na vita na yeye alijua. Ushindi wa ile ngao haudaiwi, vifo havidaiwi. Kwa hiyo maswali yako yote yazunguke hapo: mlikuwa wapi, wao walikuwa wapi, na nini kinaonyesha walifanya makusudi.

Maswali yenyewe

Usianze na "walikutumia kama ngao?" Huyo mtu ameteseka, anakuheshimu, atakujibu ndio hata kama hakuelewa, na siku wakili wa upande wa pili akisoma maswali yako ataitupa karatasi nzima. Anza na "nieleze ile siku tangu ulipoamka". Alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kugumu kwetu sisi tuliozoea kuitikia eeh, eeh, pole, lakini mwache aende na mwendo wake.

Akishamaliza, rudi nyuma kwenye mpangilio. Nani alikuwa mbele, nani nyuma, nani pembeni. Mpe maharage, vijiti, vizibo vya soda, chochote, apange mwenyewe, alafu piga picha ule mpango kabla haujavurugwa na kuku. Muulize umbali kwa vitu anavyoviona hapo, kama kutoka hapa mpaka kwenye bomba la maji au mpaka pale msikitini, ukitoka hapo upime kwa hatua zako uandike zote mbili, alichosema yeye na ulichopima wewe. Watu wachache sana wanajua mita hamsini ni wapi, ila kila mtu anajua bomba lilipo.

Je, mngeweza kuondoka? Hili ni swali la dhahabu. Kama kulikuwa na mtu alijaribu kuondoka, nini kilimpata? Kama walifunga mlango, nani alishika funguo? Kama walizuia watu kuhama kijiji kwa kuweka kizuizi barabarani, kizuizi kilikuwa wapi na waliambiwa nini hasa wanaotaka kupita.

Maneno ya wenye silaha yaandike kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile, Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe, Kilingala, Kifaransa, alafu ndo uweke maana chini. "Mkiwa hapa hawatapiga." "Tangulieni, wakiwaona nyie wataacha." Sentensi kama hizo ndo nia yenyewe imetoka mdomoni, na nia ndo kitu kigumu kuliko vyote kuthibitisha kwenye kosa hili. Lakini usimlazimishe akumbuke sentensi. Mara nyingi hawakusema kitu, walisukuma tu na mitutu, na hapo nia unaitafuta kwenye matendo: je, kulikuwa na njia nyingine wakachagua ya kupitia na watu? Waliwaachia lini, mara tu baada ya kuvuka sehemu ya hatari? Walichagua wanawake na watoto wakae mbele? Walifanya hivyo hivyo kijiji kingine wiki iliyopita? Kitu kikijirudia kinaongea.

Tarehe zinasumbua. Mtu aliyekimbia na watoto watano hana kalenda kichwani, usimkaripie. Muulize ilikuwa siku ya soko? Kabla au baada ya kuvuna mahindi? Mvua zilikuwa zimeanza? Watoto walikuwa shule au likizo? Mtoto wako huyu mdogo alikuwa ameshaota meno? Ukipata vitu vitatu kama hivyo unaipata wiki, na ukikutanisha na mtu wa pili aliyehojiwa kivyake unaipata siku. Narudia, kivyake. Ukiwaweka watu sita kwenye mkeka mmoja utapata hadithi moja nzuri isiyo na shahidi hata mmoja.

Na kama ni mtoto, au kama mtu anaelekea kwenye habari za kubakwa, hapo simama. Usichimbe. Kama tukio ni la karibuni kitu cha kwanza ni hospitali, na ni ndani ya masaa 72 maana dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinategemea huo muda, karatasi itafuata baadaye na mtu aliyesomea kuhoji watu waliopitia hayo. Ushahidi haujawahi kuwa muhimu kuliko mtu.

Usichanganye vitu vinne vinavyofanana

Kubebeshwa mizigo ni jambo moja. Watu wengi wa Kivu wamebebeshwa masanduku ya risasi na magunia ya vyakula vya kuporwa kwa siku nyingi, na hilo ni kosa kivyake, kazi ya kulazimishwa. Linakuwa ngao pale wabebaji wanapotangulizwa ili wakanyage mabomu wao au ili upande wa pili usite kufyatua. Ndo maana swali la nani alikuwa mbele lina uzito.

Kuweka silaha karibu na watu ni jambo lingine. Mwaka 2024 kambi za wakimbizi wa ndani kuzunguka Goma zilikuwa na mizinga karibu yake, mashirika ya haki za binadamu yakapiga kelele kuhusu jeshi la Kongo kuweka silaha nzito pale karibu na mahema na kuhusu makombora yaliyotoka upande wa pili kuja kuangukia watu, na tarehe 3 Mei mwaka huo makombora yakaangukia wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert. Sheria inazitaka pande zote ziepuke kuweka vitu vya kijeshi ndani au karibu na makazi ya watu, kadiri inavyowezekana. Kukiuka hapo ni kosa la tahadhari. Ili iitwe ngao lazima ionekane waliiweka pale kwa nia ya kujificha nyuma ya watu. Kwa hiyo andika mzinga ulikuja lini, ulikaa siku ngapi, ulipiga mara ngapi, kulikuwa na sehemu wazi ingeweza kutumika, na viongozi wa kambi waliomba uondolewe wakajibiwa nini. Ile "waliomba wakajibiwa nini" ni nzito sana, watu huisahau.

Tatu, wapiganaji kuishi kijijini tu kwa vile ndo kwao au ndo kwenye chakula. Hiyo haitoshi yenyewe. Na nne ni watu kubaki kijijini kwasababu bibi hawezi kutembea au mihogo iko shambani, mtu anaogopa kuacha kila kitu. Huyo hajajitolea kuwa ngao ya mtu, usimwandike hivyo kamwe. Kuna wachache duniani walienda wenyewe kwa hiari, kama wale wanaharakati wa nje waliosafiri hadi Baghdad mwaka 2003 kabla ya vita, na wanasheria wanabishana mpaka leo kuhusu watu wa aina hiyo, ila mwanakijiji aliyesukumwa na mtutu hana ubishi wowote, ni raia, na kukiwa na shaka sheria inasema achukuliwe kuwa raia.

Upande unaoshambulia nao uandikwe

Hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo watu wetu wanadhulumiwa mara ya pili. Kila watu wakifa utasikia msemaji wa upande ulioshambulia anasema, adui aliwatumia kama ngao, lawama ni zake. Anaongea kama vile akishatamka neno ngao basi maiti zimehamia upande wa pili wa daftari. Sheria haisemi hivyo. Kile kifungu cha 51 cha Itifaki ya Kwanza, aya ya 8, inayofuata ile ya ngao moja kwa moja, kinasema ukiukaji wa upande mmoja hauuondolei upande wa pili wajibu wake kwa raia, pamoja na wajibu wa kuchukua tahadhari. Yaani bado unatakiwa upime madhara kwa raia dhidi ya faida ya kijeshi, uchague silaha na saa, utoe onyo inapowezekana, na usitishe shambulio ikionekana raia watakaoumia hawalingani na kile unachokipata. Mtu aliyefanywa ngao anabaki raia asilimia mia, ana haki kwa aliyemsukuma mbele na ana haki kwa aliyeshika bunduki ng'ambo.

Mosul, Iraq, tarehe 17 Machi 2017, kundi la IS, wale wanaojiita Dola la Kiislamu, lilikuwa linazuia watu kutoka kwenye mitaa na kupigana likiwa ndani ya nyumba za watu hao, ndege ya Marekani ikapiga jengo moja mtaa wa al-Jadida ili kuwaua wadunguaji wawili waliokuwa juu, na chini kulikuwa kumejaa familia. Uchunguzi wa Marekani wenyewe ukakubali raia zaidi ya 100 walikufa. Pale maswali ni mawili na yote lazima yaulizwe, nani aliwazuia wale watu wasitoke, na yule aliyerusha bomu alijua nini kuhusu waliomo ndani.

Karibu zaidi na sisi kuna shambulio la Bogoro, Ituri, tarehe 24 Februari 2003. Kulikuwa na kambi ya wapiganaji wa UPC, kundi la Thomas Lubanga, katikati ya kijiji, na upande wa utetezi ulishika sana hoja kwamba lengo lilikuwa ile kambi. Majaji wa ICC kwenye hukumu ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa upande ulioshambulia, tarehe 7 Machi 2014, wakaona kwamba pamoja na kambi kuwepo, raia wenyewe walishambuliwa kama raia. Kambi katikati ya kijiji haikukigeuza kijiji kuwa kambi.

Kwa hiyo muulize shahidi wako: wale wa upande wa pili waliwaona? Kulikuwa kumepambazuka? Mlivaa nini, kulikuwa na watoto mgongoni, kuna mtu alipunga kitambaa? Walifyatua kabla au baada ya kuona? Walisita? Kuna mara ambapo upande wa pili uliacha kupiga watu wakapita, hilo nalo liandike, linaonyesha kwamba iliwezekana.

Simu, picha na karatasi

Picha ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa zake za ndani, saa iliyopigwa na mahali, zinaondolewa. Ukitaka kuituma itume kama faili, na ile ya mwanzo usiifute, usiikate, usiiongezee mwanga, ibaki kwenye simu iliyopiga au kwenye memori kadi. Andika pembeni nani alipiga, lini, na imepita mikononi mwa nani hadi kukufikia wewe. Ukipokea video iliyozunguka kwenye magrupu usiandike kama umeiona wewe, andika umeipata wapi. Majeraha yapigwe kwa karibu na kwa mbali, jengo lipigwe pamoja na kitu kinachotambulika nyuma yake, mlima, mnara, mti mkubwa. Kombora ambalo halijalipuka usilisogelee hata kwa picha.

Majina ya mashahidi yasikae kwenye karatasi moja na maelezo yao. Maelezo yapewe namba, majina yakae daftari jingine kwa mtu mwingine au sehemu nyingine. Na kama kuna mtu anatoka na taarifa hizo Kongo, asitembee nazo kwenye galari ya simu, simu zinapekuliwa kwenye vizuizi na watu wameumia kwa picha moja tu. Bora habari ichelewe mwezi.

Ridhaa muombe mara tatu, kwa vitu vitatu tofauti. Unaniruhusu niandike? Unaniruhusu niwape watu wa haki za binadamu bila jina lako? Unaniruhusu nipeleke kwa mwendesha mashtaka na jina lako, ukijua siku moja anaweza kukuita? Mtu anaweza kukubali ya kwanza akakataa ya tatu, ni haki yake, na anaweza kubadilisha mawazo kesho. Nasema hivi kwa uchungu, kuna shirika moja lilikuja likachukua maelezo ya akina mama na picha zao, baadaye mmoja wao akaiona sura yake kwenye kipeperushi, na hajawahi kuongea na mtu mwenye daftari tena. Nilimwelewa.

Upeleke wapi

Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ICRC, ni wa kwanza kama kuna ndugu amepotea au ameshikiliwa, wanatafuta watu na wanaongea na wenye silaha moja kwa moja kwa siri. Lakini jua kwamba hawatoi ushahidi mahakamani, hata kanuni za ICC zinailinda hiyo siri yao, kwa hiyo kuwaambia wao peke yake hakufungui kesi. Ofisi ya pamoja ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo inapokea na kuchunguza. Mahakama za Kongo zenyewe zina uwezo, nchi iliridhia Mkataba wa Roma Aprili 2002 na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ikaingiza uhalifu wa kivita kwenye kanuni za adhabu za nchi.

ICC unaweza kuwaandikia wewe mwenyewe, ofisi ya mwendesha mashtaka inapokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote, hakuna ada na huhitaji wakili. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alitangaza kurudisha nguvu za uchunguzi Kivu Kaskazini, kwa matukio ya kuanzia Januari 2022. Weka muhtasari wa ukurasa mmoja mbele, usitume kurasa 80 za hasira.

Na walioko Ujerumani wasikilize vizuri. Sheria yao ya uhalifu wa kimataifa, kifungu cha 11, inahesabu kutumia ngao za binadamu kuwa uhalifu wa kivita hata kwenye vita vya ndani, lile pengo la Roma wao wameliziba. Huko Stuttgart kuanzia 2011 hadi 2015 walishtakiwa viongozi wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko mashariki ya Kongo, waliokuwa wanaishi Ujerumani kwa matendo yaliyofanyika Kivu, na kutumia raia kama ngao kulikuwa kati ya tuhuma zilizofunguliwa dhidi yao. Kiongozi anaweza kuwa amepanga nyumba kwenye mji wa Ulaya huku watu wake wako msituni, kwa hiyo majina ya wakubwa yakitajwa na shahidi, na alisikia wapi, yaandike. Kenya nayo ina sheria ya uhalifu wa kimataifa ya 2008 na Uganda ya 2010, mawakili wa haki za binadamu Nairobi na Kampala wanazijua.

Mwambie ukweli kuhusu muda

Usimuahidi mtu hela wala kesi wala kuhamishiwa nchi ya tatu. Mwambie Bogoro ilikuwa 2003, hukumu 2014, na fidia ikaamriwa Machi 2017, waathirika 297, dola 250 kila mmoja kama ishara pamoja na misaada ya pamoja. Mwambie pia kwamba uhalifu unaosikilizwa na ICC hauozi kwa muda, hata miaka 30 ipite. Akishayasikia hayo akaamua kuendelea, ameamua mwenyewe.

Kabla hujafunga daftari msomee yote kwa sauti, kwa lugha yake, sentensi moja moja, na umpe nafasi ya kukukatisha. Yule mama alinikatisha mara nne. Mara ya mwisho nilisoma "walitutanguliza, kisha tukavuka mto", akasema hapana, wao hawakuvuka, walisimama ukingo wa nyuma wakatuangalia sisi tukivuka, walipoona hatujapigwa ndo wakaja. Akaokota vijiwe vyake tena akavirudisha nyuma ya ukingo wa mkeka. Nikaandika hivyo hivyo, tukaweka alama ya kidole gumba, tarehe, jina la aliyetafsiri, namba ya simu ya jirani yake wa kumpata akihama, na mwezi ambao nitarudi kuhakiki kama bado yupo na bado anataka.